Chelo ya Chechelesi

Ngozi ya ng'ombe ikichemshwa kutwa kwa moto mdogo hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Mwaka ule wa ukame, harufu hiyo ilitoka uani kwetu Chechelesi, ikavuka mji mzima wa Isiolo, na nina hakika watu wa Kinna walifunga madirisha. Baba alikuwa anapika gundi. Jina lake Guyo, fundi wa vitanda, na vitanda vyake vilikuwa imara hata ungelaza kifaru na mkewe. Lakini mwaka ule aliviacha akaanza kuunda chelo, yule kaka mkubwa wa fidla anayesimamishwa katikati ya magoti ndipo achezwe.

Wazimu huo aliuleta mtawa mmoja Mwitaliano wa misheni, tuliyemwita Bruda. Kabla ya kurudi kwao alimwachia Baba mchoro mkubwa kama shuka, wa chelo iliyochongwa Italia karne tatu zilizopita, na agizo moja: gundi iwe ya ngozi, kama walivyotumia mafundi wale wa zamani. Baba alichonga uso kwa saiprasi na mgongo kwa mukau, mti wa huku kwetu kwenye ukame. Aliikwangua mbao kwa kigae cha chupa hadi ikawa nyembamba, nusura uone jua upande wa pili. Majirani walikuja kucheka. "Guyo, jeneza lenye kiuno hivi ni la nani?" aliuliza muuza miraa wa mlango wa pili. "Lako," Baba akamjibu, "ukiendelea kunisimamia kichwani." Alikuwa na sababu ya kuchangamka. Mwalimu Njeri, rafiki wa Bruda aliyefundisha muziki Nairobi, alikuwa ametuma habari kwamba atapitia kwetu akienda Marsabit. Nyuzi angekuja nazo mwenyewe. Chelo ikilia vizuri, angempeleka Baba kwenye karakana ya vyombo vya muziki huko Nairobi, na vitanda vingekuwa vimekwisha.

Wakati huo Nyanya, mama yake Baba, alikuwa ametufikia kutoka Korbesa. Ng'ombe wake walikufa wote. Alichokuja nacho ni gorfa zake, vile vyombo vya maziwa vya kufumwa, tupu na zimekauka. Kwetu Waborana chombo hakitiwi maziwa kabla ya kufukizwa: unawasha vijiti vya mti wenye harufu nzuri, unaviingiza ndani vikiwa na makaa, unafunika, moshi unakisafisha. Nyanya alikuwa amefanya hivyo kila siku tangu usichana wake. Sasa maziwa hayakuwepo. Alikaa uani, mikono imelala magotini, akiitazama chelo.

Siku ya mgeni, Baba alikwenda barabara kuu kumpokea. Mimi na Mama tulikuwa kwenye foleni ya maji, ile foleni iliyoanzia Isiolo ikaishia mbinguni. Tuliporudi, moshi ulikuwa unatoka kwenye vitundu viwili vya uso wa chelo, na Nyanya anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. "Ni chombo kipya," alitueleza, "na mgeni yuko njiani. Mlitaka akipokee hivi hivi, bila moshi?" Mama aliangusha mtungi. Gundi ya ngozi haivumilii joto. Maungo yalikuwa yameanza kuachana, na kaa limetoboa uso tundu la ukubwa wa sahani. Kisha mbao ikapasuka toka juu hadi chini, pa! Ndiyo sauti pekee iliyowahi kutoka katika chelo ile.

Baba alipofika naye, Mwalimu Njeri alipiga magoti mavumbini, akapitisha mkono kwenye mgongo wa mukau. "Mzee Guyo, hii ni kazi ya fundi. Chonga uso mwingine, mwakani nitapita tena." Woga wa Nyanya ukatoka kama hasira: "Guyo, chombo gani hiki kinaogopa moshi?" Baba alimtazama mama yake, mwanamke asiyebakiwa na hata ndama. "Kweli, Mama," alisema. "Kilikuwa kibovu." Mwalimu alizirudisha nyuzi mkobani.

Mwaka uliofuata alipita kweli, akamkuta Baba anaranda mbavu za kitanda. Mama alikuwa amemsihi aanze upya hadi akachoka. "Nikianza," Baba alimwambia, "mama yangu atauliza ile ya kwanza iliharibiwa na nini." Na Nyanya alijaliwa umri wa kobe. Tulipomzika, mikono ya Baba ilikuwa haiwezi tena kushika patasi bila kutikisika.

Leo Isiolo ina lami ya kuteleza kama sabuni na uwanja wa ndege, na mimi nina cheti cha shule ya jioni kikubwa kuliko mlango wa nyumba. Simu yangu ina chelo za dunia nzima. Juzi nilimvisha Baba vile vidude vya masikioni nikamwekea moja, ya Kiitaliano hasa, ya kale. Alisikiliza kidogo tu, akavitoa, akanirudishia.

"Hiyo ni ya watu," alisema.

Nilitaka kumuuliza anadhani yake ingelia vipi. Lakini alishainama, anatafuta misumari, na ninajua kwamba hata yeye hajui.