Bei Imerudi, Ng'ombe Hajarudi

Siku nilipoletwa Nangwa kuolewa na Gidabuday, nilisimama mlangoni pa boma nikakataa kuingia. Ndivyo afanyavyo bibi harusi wa Kibarbaig: husimama mpaka wakwe wamwahidi mifugo. Waliniahidi wengi. Ahadi za mlangoni ni tamu, na wengi wao sikuwaona hata mkia. Lakini nyuma yangu alikuwa amekuja ng'ombe mmoja ambaye hakuwa wa kuahidiwa. Alikuwa wa kijivu, pembe moja imeinamia jicho, mzao wa ng'ombe wa mama yangu. Baba yangu, Gidahosh wa Mogitu, alisema mbele ya watu wote: "Huyu ni wa binti yangu. Mume atamchunga, lakini hatamtoa bila neno lake."

Binti yangu naye angekwenda kwa mume akifuatwa na mzao wa huyo. Kwetu msichana akienda kwa mume bila ng'ombe wa mama yake, wake wenzake humtazama kama mtu aliyeokotwa njiani.

Kisha ukaja mwaka wa nzige, na nyuma ya nzige ikaja dhiki nyingine. Nzige tuliwaona kwa macho. Hii nyingine hatukuiona ikija, tuliambiwa tu kwamba imetoka Ulaya. Bei ya mifugo ilianguka mnadani, ya ngozi ikaanguka, ya samli ikaanguka. Kodi ya Waingereza peke yake haikuanguka. Ng'ombe aliyekuwa akilipa kodi ya ndugu watatu sasa alilipa ya mmoja kwa taabu.

Mwaka huo nilikwenda Mogitu kumzika mama. Niliporudi nilimkuta ndama wa yule wa kijivu analia zizini peke yake.

"Mama yake yuko wapi?" nikamwuliza Gidabuday.

"Amekwenda na kodi."

"Ulimwuliza nani?"

"Nimwulize nani? Wewe ulikuwa msibani. Au ulitaka nifungwe nikavunje mawe ya barabara?"

"Na wale wako waliojaa zizini?"

"Wale ni wa ukoo."

"Na mimi ni wa nani?"

Akacheka. "Wewe ni wa maneno. Nyamaza basi. Hizi nyakati ni mgonjwa, nazo zitapona. Bei ikirudi, nitakupa ng'ombe mwingine."

Ndama akafa kwa kukosa maziwa. Ukoo wa ng'ombe wa mama yangu ukaishia hapo.

Nilingoja. Kila msimu nilimkumbusha, na kila msimu alinijibu, "Bado. Mgonjwa hajapona." Nilikuwa nakamua ng'ombe wake wa kahawia, aliyepangiwa nyumba yangu, nasukasuka maziwa, na samli naipeleka Katesh kwa Halfani, mwenye duka. Halfani ni mtu mzima, baba yake alitoka Kondoa. Siku moja nilimkuta anapanga kaniki mpya mpaka karibu na dari.

"Shikamoo, mzee Halfani."

"Marahaba, binti Gidahosh. Lete hicho kibuyu. Leo samli yako nitaipa heshima. Mambo yamefunguka!"

"Yamefunguka kwa nani?"

"Kwa wote! Bwana Shauri mwenyewe, yule Mwingereza wa serikali, alisimama hapa mnadani akasema dhiki ya dunia imekwisha. Tazama kaniki hizi."

"Zimejaa kwa sababu hakuna wa kuzinunua."

Mkewe Chiku, aliyekuwa anapepeta mchele uani, akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Umempata! Mimi namwambia kila siku. Duka limepona, wateja bado wamelala kitandani."

"Wanawake hamjui biashara," Halfani akasema, lakini naye alikuwa anacheka. "Kama hali ni mbaya, mbona mumeo alikuja juzi akanunua asali yote niliyokuwa nayo? Anapika pombe ya kuposea Masakta. Alisimama hapo hapo uliposimama akasema nyakati zimepona kabisa."

Nilirudi Nangwa kwa miguu, nikiyarudia maneno hayo njia nzima. Kwa mzee Gidamis wa Masakta, anayeombwa binti awe mke mwenzangu, nyakati zilikuwa zimepona. Kwangu zilikuwa bado mgonjwa. Na binti yangu alikuwa aolewe baada ya mvua.

Kwetu wanawake tuna baraza letu. Mwanamume akivunja haki ya mwanamke tunakutana mbali na maboma, tunamwita asimame mbele yetu, na akiwa na hatia tunamtoza. Akikataa tunamlaani, na sijamjua mwanamume aliyethubutu kulala na laana hiyo. Nikapeleka habari. Wanawake wakaja kutoka Nangwa, Mogitu na hata Masakta, na fimbo zao mkononi. Miongoni mwao alikuwa mke wa Gidamis, mama wa yule msichana. Nilihakikisha amealikwa.

Kabla Gidabuday hajafika, wanawake walibishana wenyewe.

"Nyakati zimepona," alisema mmoja. "Ndama wa kiume nilimuuza vizuri mwezi huu."

"Una ndama wa kuuza, ndiyo maana," mwingine akamjibu. "Sisi tuliouza wote wakati wa bei mbovu tutauza nini, mbwa?"

"Mbwa wako nani amtake? Hata fisi wanamkimbia."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Gidabuday akaja. Bibi kizee aliyetuongoza akamwuliza kama ni kweli alimtoa ng'ombe wa kijivu bila neno langu.

"Ni kweli, mama zangu. Lakini niliahidi kumlipa nyakati zikipona."

"Basi tuambie. Zimepona, au hazijapona?"

Nilimwona anafungua mdomo kusema lile neno lake la kila msimu. Kisha akamwona mke wa Gidamis, ameketi na fimbo magotini. Akainamisha macho haraka, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe. Akisema hazijapona, nani atampa binti? Akisema zimepona, ng'ombe wangu arudi. Alisimama hapo jasho likimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilisikia raha.

"Sema, mwanangu," mke wa Gidamis akamwambia kwa upole. "Hata mimi nataka kujua."

"Zimepona," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Tukamtoza fahali mweusi, aliwe na baraza siku hiyo hiyo, na ng'ombe jike mmoja kwa ajili yangu. Fahali akaletwa, akachinjwa, nyama ikaliwa. Mimi nilikula kidogo, nikitazama njia ya zizini.

Jioni Gidabuday akamswaga ng'ombe mpaka mbele yangu. Alikuwa yule wa kahawia.

"Huyu ninamkamua kila siku," nikasema.

"Ulikuwa unamkamua wangu. Kuanzia sasa unamkamua wako. Huoni nimekutajirisha?"

Nikamgeukia bibi kizee. Mafuta ya fahali yalikuwa bado yanang'aa kwenye vidole vyake. Alimtazama yule ng'ombe, akanitazama mimi, akapangusa mikono.

"Tulisema ng'ombe jike, binti Gidahosh. Hatukutaja rangi."

Ni kweli. Sisi ambao hata mtoto akitumwa zizini huambiwa rangi na pembe, siku ile tulisema "ng'ombe" tu, kama karani wa kodi. Tulikuwa tumeanza kusikia harufu ya nyama. Wakachukua fimbo zao wakaenda makwao, kila mmoja akiniambia, "Umeshinda."

Mvua zilipokwisha binti yangu akaolewa, nyuma yake akifuata yule ng'ombe wa kahawia. Hakuna aliyemcheka huko alikokwenda, na kwa hilo nashukuru. Msichana wa Masakta naye akaletwa kwetu. Alisimama mlangoni kama nilivyosimama mimi, na nikamsikia Gidabuday akimwahidi. Nilipomwambia mume wangu kwamba nyumba yangu sasa haina wa kukamua, alisema ana bibi harusi wa kulisha, nisubiri nyakati zitengemae.

"Si ulisema zimepona?"

"Zimepona. Lakini bado dhaifu."

Wiki ile nilikwenda Katesh. Halfani aliniona kwa mbali akatoka hadi kizingitini.

"Karibu, karibu! Bei ya samli imepanda tena, sasa ni kama zamani. Nilikwambia ukabisha! Lete hicho kibuyu."

Nikamwekea mezani. Akakiinua, akakitikisa, akachungulia ndani.

"Kitupu?"

"Ndiyo. Na chenyewe je, mzee Halfani?" nikamwuliza. "Bei ya kibuyu nayo imerudi?"

Akacheka sana, akamwita Chiku aje asikie utani wangu. Chiku alikuja, akanitazama, hakucheka. Nikasimama palepale, nikingoja Halfani ataje bei.