Mzizi Ulioingia Bila Jani Lake

Usiku ule nililala na tope la kinamasini miguuni, maana nilikuwa hoi. Binti yangu Rehema alikuwa ameshinda amejikunja, tumbo limejaa gesi, limekaza kama ngoma. Mimi nikajitosa kwenye kinamasi chini ya mashamba ya mpunga, nikamchimbia mzizi wa tumbo, ule aliokuwa akichimba marehemu bibi yangu mzaa mama. Nikauchemsha na tangawizi, nikafunika sufuria, nikamwambia, "Ukiamka alfajiri unywe kidogo." Nikapanda kitandani najiona mganga kweli kweli.

Basi bibi akaja. Hakubisha hodi. Namwona kasimama mlangoni na kanga yake ya kuchimbia, maji yanamchuruzika magotini, sakafu inalowa.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Hakuitikia. Jamani, bibi yangu mimi, aliyekuwa akiitikia hata shikamoo ya mlevi! Hapo ndipo nilipoogopa, vinyweleo vikanisimama mwili mzima.

"Jani liko wapi?" akauliza.

Nilijua anachouliza. Bibi na wenzake wachimbaji walikuwa hawaingizi mzizi nyumbani bila jani lake. Unaubeba na majani yake mpaka jikoni, hata kama mzigo unakuvunja shingo. Unayafikicha, unayanusa mbele ya mgonjwa, ndipo unayakata. Mimi mchana ule mvua ilikuwa inakuja, mzigo mzito, nikayakata huko huko ukingoni nikayatupa. Nani angeniona?

Sasa tuko kinamasini, wala sijui tumefikaje. Maji ya baridi yananifika magotini. Bibi anang'oa mmea, anafikicha jani refu lililochongoka, ananisogezea puani. Harufu tamu, harufu ya ghala lake la mpunga, alikokuwa akiweka vipande vya mzizi huo kufukuza wadudu. "Kipande cha ukucha," anasema, "kwa mtu mzima tu. Mwenye mimba asiguse." Hayo nayajua, nataka kumwambia nayajua, lakini mdomoni hakutoki neno.

Kisha anang'oa mwingine, ulioota ubavuni mwa ule wa kwanza. Jani lile lile, urefu ule ule. Analifikicha. Nanusa, hakuna kitu. Nanusa tena, ni kama kunusa maji. Huo ndio wenye sumu.

Anaikata yote miwili, ananiwekea mizizi viganjani. Naitazama. Imefanana! Naigeuza, naikwangua kwa kucha, nalia kama mtoto, siwezi kuitofautisha. Nikiinua macho bibi hayupo. Yupo Rehema, maji yamemfika kiunoni, kikombe mkononi, anakipeleka mdomoni. Napiga kelele, sauti haitoki. Nyuma ya shingo yangu bibi anauliza polepole, "Wewe ulichimba upi?"

Nikaamka nimelowa jasho, moyo unataka kutoka. Nikasikia mfuniko wa sufuria unagonga jikoni. Huko hakukuwa ndotoni tena. Nilikimbia bila hata kujifunga kanga vizuri, nikamkuta Rehema na kikombe mdomoni, nikakipiga kofi kikaruka mpaka ukutani.

"Mama! Una nini?"

"Umekunywa?"

"Funda moja tu. Ulimi unaniwasha."

Nikamsukutulisha maji, nikamwaga sufuria yote chooni. Tukatoka kwenda zahanati kupitia njia ya mkato ya kinamasini. Majani yangu yalikuwa pale pale ukingoni, yamelala juu ya matope. Nikafikicha la kwanza, likanukia. La pili likanukia. Nikaanza kujicheka, mtu mzima mzima natishwa na ndoto. Rehema naye akaokota moja, akalifikicha, akalinusa.

"Mama, mbona hili halinuki?"

Nikampokonya lile jani, nikaokota na moja linalonukia. Zahanati muuguzi alipouliza amekunywa nini, sikueleza mambo mengi. Nilimwekea mezani majani yote mawili. Rehema alitapika asubuhi nzima, jioni akaomba uji. Mimi nikatoka nje peke yangu, nikasema kwa sauti, bila kujali nani ananisikia, "Nimelileta jani, bibi. Shikamoo."