Mama Aliyekatwa Pembeni mwa Picha

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa nyumbani naanika kahawa. Binti yake alinipigia simu, akasema baba amefariki alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri. Nilimpa pole, nikarudi kwenye kichanja, nikaendelea kuigeuza ile kahawa hadi nikaimaliza. Makaburini nilitupa udongo kama wengine. Sikulia, na hata leo moyo wangu umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa.

Marehemu, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuwa mpiga picha hapa Mbinga mjini. Wazazi wake walitoka Kilwa, wakafungua duka la vitambaa. Yeye alipenda kamera. Zamani filamu ilikuwa adimu, akawa akiwaambia wateja waje wakati wowote Mungu akijalia. Soko huria lilipoanza, filamu za rangi zikajaa madukani, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia, na kila harusi ikamtaka, kuanzia Mapera hadi Mbamba Bay. Baadaye intaneti ikafika mjini. Binti yake akaanza kuweka huko picha za zamani ili watu wa mbali waagize nakala. Kila picha aliipunguza pembeni ikae vizuri kwenye kioo cha kompyuta. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya maharusi wamesimama ufukweni, maji ya Ziwa Nyasa yamewafika vifundoni. Baba mtu aliipiga upya hiyo iliyopunguzwa, akaisafisha kubwa, akaitundika dirishani mwa studio.

Nilikuwepo siku bibi harusi mwenyewe alipopita. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, sasa mama wa watoto wakubwa. Aliingia, akamwamkia mzee shikamoo, kisha akaomba kuiona picha ile kwa karibu. Aliitazama muda mrefu.

"Baba, mama yangu yuko wapi?" akauliza. "Alisimama hapa, ameshika viatu vyangu."

Ukingoni kweli vilionekana vidole na kisigino cha kiatu cheupe. Mama yake alishafariki, na hakuwahi kupigwa picha nyingine. Nakala ya maharusi ilipotea walipohama. Mzee akamwita binti yake. Binti akaeleza, macho chini, kwamba kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta aliikata kwa mkasi, kile kipande akakitupa. Negativu, zile filamu zenyewe za kusafishia nakala, zilikuwa zimeharibiwa na mvua, paa lilipovuja. Bibi harusi hakugomba. Aliaga, akaondoka.

Kesho yake mzee alifunga studio, akaniomba nimsindikize. Alikumbuka kwamba baada ya harusi ile alisafisha nakala kwa ajili ya ndugu wa maharusi. Tulishuka ziwani, tukapita nyumba kwa nyumba, tukikaribishwa ugali na samaki na kuambiwa picha haipo. Kila alipofika alijieleza upya bila kujitetea: nimekata picha ya marehemu, naitafuta. Tuliipata Kingerikiti kwa shangazi yake bibi harusi, imebandikwa kwa uji ukutani jikoni, nyeusi kwa moshi. Kuibandua kungeichana. Mzee aliifuta taratibu kwa kitambaa, akafungua dirisha, akaipiga picha pale pale.

Miaka ile sote tulikuwa tunajifunza kuuza. Mnunuzi alikuwa mgeni kwetu, tukamtazama usoni kujua anapenda nini, na kisichompendeza tukakiondoa. Simlaumu binti, picha ilivutia zaidi ilivyokatwa, na nakala zake zililisha nyumba. Lakini mzee hakuiuza tena. Wateja walioiomba aliwaonyesha nyingine.

Bibi harusi alipoitwa, alikuja na mumewe. Picha mpya ilikuwa na madoa, na uso wa mama ulionekana kama wa mtu aliye nyuma ya chandarua. Ila alikuwa yeye, mwembamba, amejitenga hatua chache na maharusi, viatu amevikumbatia kifuani visilowe.

"Ndivyo alivyokuwa," bibi harusi alisema. "Hakutaka kusimama katikati."

Mzee akaomba radhi. Bibi harusi akamwambia yamekwisha, akaifunga picha ndani ya khanga. Mimi sina la kuongeza juu ya marehemu wangu, ila hili nililojifunza kwake: kabla hujakata, uliza aliyesimama pembeni ni mama wa nani. Na ukishakata, nenda ukamtafute.