Kaka Chomoa na Mashine ya Kushoto

Ungemwambia Kaka Chomoa kwamba mvua inanyesha, angetoka nje kuhakikisha, kisha angemtazama vibaya jirani mwenye bomba la kumwagilia maua. Sukari ya dukani aliipima upya nyumbani. Mlango akishaufunga, alirudi kuutikisa, na mkewe, aliyekwishamzoea, alimsubiri njiani akitafuna karanga.

Jina hilo alilipata kazini, na kazi yenyewe ilianzia kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yao. Mdogo wake wa kike, ambaye sasa wafanyakazi humwita Bosi, alijibanza humo katikati ya vitambaa akiandika programu ya ajabu: kompyuta moja igawanywe ndani kwa ndani iwe kompyuta nyingi, kila moja ikijiona iko peke yake. Alimweleza kaka yake kwa mfano wa nyumba ya kupanga. Nyumba ni moja, wapangaji ni wengi, na hakuna anayemsikia mwenzake akikohoa.

"Uongo," alisema kaka mtu.

"Kaa uone, kaka."

Alikaa, akaona, akainama chini ya meza kutafuta kompyuta nyingine zilizofichwa. Alipozikosa, alichomoa waya wa umeme bila kuaga. Kila kitu kikazimika, kazi ya wiki nzima ikapotea, na shangazi akaja mbio akidhani wanapigana. Mdogo mtu alilia kwanza, kisha akacheka.

"Wateja nao umeme utawakatikia," alisema. "Kuanzia leo, kazi yako ni kuchomoa."

Hivyo ndivyo kampuni ilivyozaliwa, mmoja akijenga, mwingine akishuku. Wakahamia ghorofani juu ya duka la samani, wakaajiri watu, viwanda na hospitali vikanunua programu yao. Halafu makampuni makubwa yakaanza kugawa programu za namna hiyo bure, na wateja wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Bosi akabaki na kete moja tu. Aliiita pacha: kila mpangaji wa mashine ya kushoto awe na pacha wake katika mashine ya kulia, anayemfuata hatua kwa hatua, ili ya kushoto ikizimika ghafla, pacha aendelee palepale neno lilipokatikia.

Kaka Chomoa aliitesa programu hiyo kwa miezi. Alichomoa asubuhi, alichomoa watu wakiwa wanakula, alichomoa akijifanya anaelekea chooni. Pacha alikufa mara chungu nzima, na kila mara alimpelekea mdogo wake habari kwa uso wa mfiwa, ingawa moyoni alifurahi kidogo. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa "bado haijaniangusha." Lakini wiki moja kabla ya wanunuzi kuja, alisimama mlangoni kwa Bosi, akakohoa.

"Mdogo wangu, inafanya kazi. Naiamini."

Bosi alimtazama usoni, akasema asante, akarudi kwenye skrini yake.

Wanunuzi hao walikuwa watu wa kampuni kubwa. Wakiridhika, wangeichukua kampuni pamoja na wafanyakazi wote. Wasiporidhika, mwisho wa mwezi milango ingefungwa. Hilo hata mfagizi alilijua.

Siku ilipofika, machale yakamcheza Kaka Chomoa tangu anapanda ngazi. Ufunguo wa chumba cha mashine, ambao miaka yote ulining'inia kwenye msumari, haukuwepo. Bosi alikuwa amefika kabla ya watu wote.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao, kaka. Leo kuna wageni, sitaki watu waingie ovyo."

"Watu gani?"

"Watu tu, kaka."

Kisha akamnyoosha kola ya shati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wazaliwe. Hapo Kaka Chomoa akawa na hakika kwamba kuna mchezo. Pengine wageni wangeonyeshwa picha iliyorekodiwa. Wazo hilo lilimchoma. Wawatapeli watu kwa kitu kinachofanya kazi kweli?

Wageni wakakaa ukumbini, skrini kubwa ukutani ikionyesha kama mashine zote mbili zinawaka. Mama mmoja mwenye miwani akapewa kibodi aandike chochote apendacho, akaanza kumwandikia mumewe barua ya kumsuta kuhusu bati linalovuja. Basi haikuwa picha ya kurekodi. Kaka Chomoa hakutulia hata hivyo. Aliteleza nje, akatoa ufunguo wake mwenyewe, maana mtu kama yeye hawezi kutegemea msumari, akaingia chumba cha mashine na kuchomoa waya wa ile ya kushoto.

Kutoka ukumbini akamsikia Bosi akitangaza, "Mashine ya kushoto imezimika sasa hivi, na mama bado anaandika!" Makofi yakapigwa.

Alipaswa kufurahi. Badala yake alipeleka kiganja nyuma ya mashine. Mashine yenye wapangaji hutoa hewa ya moto kwa nyuma, na hata ikizimwa, joto hilo hukawia kuondoka. Hii ilikuwa baridi kama sufuria ya jana.

Bosi aliingia akafunga mlango. Aliona kiganja kilipo, akaacha kutabasamu.

"Uliwahamisha," alisema Kaka Chomoa. "Nimechomoa nyumba tupu."

"Nilijua utachomoa tu, kaka. Nikawahamishia wote upande wa kulia asubuhi."

"Nilikwambia naiamini."

"Maisha yako yote hujawahi kuamini kitu." Sauti yake ilishuka. "Nilidhani unanionea huruma. Nilidhani unanifariji."

Iliuma. Iliuma pabaya, hasa kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu. Kumbe hivi ndivyo walivyojisikia wenye maduka, mkewe, na msichana yule kati ya vitambaa.

Aliichomeka mashine, akaiwasha, akasimama mbele ya skrini ndogo na kuwarudisha wapangaji, mama wa bati akiwemo, kila mmoja akimwacha pacha wake upande wa kulia. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Njoo. Chomoa wewe."

"Wageni bado wapo, kaka. Ikifa sasa, tumekwisha."

"Najua."

Bosi alishika waya. Kabla ya kuuvuta, alipeleka kiganja chake nyuma ya mashine, akakiacha hapo mpaka kikapata joto. Kaka Chomoa aliona. Bosi akafumba macho, akachomoa.

Feni za kushoto zikanyamaza. Wote wawili walitega sikio ukutani, mabega yakigusana. Upande wa pili vijiko vilikuwa vikigonga vikombe, na mama mwenye miwani alikuwa akiuliza kama anaweza kuongeza aya moja, kwa sababu hajamaliza habari za bati.