Nyanya Zilipohamishiwa kwa Matunda

Kabla kreti za plastiki hazijaingia sokoni, nyanya zilibebwa kwa matenga, na mwanamke mmoja alikuwa na tenga kubwa kuliko la mwenzake yeyote. Watu wakamwita Mama Tenga. Matenga yakaisha, jina likabaki. Siku hizi majina ndiyo yanayodumu, vitu havidumu.

Kazi yake aliijua. Mteja akisimama tu mbele ya meza, alimuuliza, "Za leo au za kesho?" Za leo zilikuwa zimeiva hadi zinakaribia kupasuka. Za kesho zilikuwa ngumu bado, na ukijani kidogo penye kikonyo. Hakumpa mtu fungu kabla ya kujua atapika lini. Wauzaji wa sasa wanakujazia mfuko macho yakiwa kwenye simu, na ukifika nyumbani ndipo unajua umenunua nini.

Ubavuni mwake aliketi wifi yake, dada wa marehemu mumewe, muuza vitunguu. Mawifi wengi ni paka na panya. Hawa walikuwa chanda na pete. Kugombana waligombana tangu siku ya harusi, lakini ulikuwa ugomvi wa kusogezea asubuhi. Sasa macho ya wifi yalikuwa yameingia ukungu. Vitunguu alivijua kwa vidole, ila sura za watu zilikuwa zimempotea. Mama Tenga ndiye aliyekuwa macho yake.

"Anakuja fundi cherehani," alikuwa akimnong'oneza. "Leo kanuna."

Naye wifi alikuwa akipaza sauti: "Karibu fundi! Mbona umenuna?" Fundi akashangaa, akacheka, akanunua.

Hakuna aliyewapanga hivyo. Zamani soko lilipangwa na sufuria: kinachotangulia kwenye mafuta kilikaa jirani na kinachofuata. Watu hawakuhitaji kuchorewa hilo.

Kisha akaja msimamizi mpya, kijana mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mchoro wa soko umetoka. Matunda yatakaa mbele, penye geti. Mboga huku nyuma. Wewe unakwenda mbele."

"Mbele? Na nyanya zangu?"

"Nyanya ni tunda, mama. Inatoka kwenye ua, na mbegu ziko ndani."

Wifi akadakia, "Tunda! Basi ukienda kumwona mgonjwa, mpelekee nyanya tatu na kisu."

Kijana akacheka kwa dhati. "Jikoni ni mboga, bibi, nakubali. Lakini mchoro umefuata mbegu."

Mama Tenga hakubisha. Alikuwa amezipasua nyanya maisha yake yote. Mbegu alikuwa anaziona. "Sawa, tunda," alisema. "Basi na wifi yangu aje kule."

"Kitunguu hakina njia ya kuitwa tunda, mama."

"Huyu haoni, mwanangu."

Kijana akainamisha kichwa. "Nimewaombea, mama. Wakubwa wamekataa. Lakini kule mbele ni pazuri, wateja wengi. Tunahama Jumatatu."

Alipoondoka, wifi alikuwa akimenya ganda la kitunguu ambacho hakikuhitaji kumenywa.

"Nenda," alisema. "Usinifanye mzigo. Nitakaa na muuza kabichi."

"Muuza kabichi anakoroma mchana kweupe."

"Nitamsikiliza akikoroma. Nenda, wifi."



Jumatatu wifi alifika mapema, akipapasa kingo za meza. Upande wa pili alisikia mtu akitua mzigo. Hapakuwa na harufu ile ya nyanya. Palinukia majani mabichi.

"Nani wewe?"

"Mimi."

"Nyanya ziko wapi?"

"Zimekwenda kwa matunda wenzao. Meza ya mbele nimemwachia binti wa muuza ndizi."

Wifi akanyoosha mkono, akapapasa fungu. "Mchicha! Wewe mchicha unaujua?"

"Nitajifunza. Jani ni jani. Humu wenye mchoro hawana tunda la kutafuta."

"Mjinga wewe," wifi alisema. "Uzee wote huu, mjinga." Lakini fungu lile la mchicha hakuliachia.

Wateja wengi walipita wakiuliza nyanya, wakaelekezwa getini. Ilipokaribia saa nne Mama Tenga akanong'ona, "Anakuja fundi. Leo kapotea."

"Karibu fundi!" wifi akapaza. "Hujapotea, vitunguu bado viko hapa!"

Fundi akachukua vitunguu vyake, kisha akageukia meza ya pili, akakodoa macho. Mama Tenga alikuwa ameshafungua mdomo kabla ya kufikiri.

"Za leo au za kesho?"

Fundi akayatazama yale majani. "Mama, mchicha hauna kesho."

Mama Tenga akachovya vidole kwenye kopo la maji, akaunyunyizia mchicha.

"Haya," alisema. "Chukua wa leo."