Tabo Iliyowekwa Mahari

Habibu Abdulkadiri alikuwa haamini mtu. Majirani zake pale Biharamulo mjini walilijua hilo na walikwisha kulizoea. Chupa ya oili aliichora alama kwa kalamu kila alipoifunga, na spana zake alizihesabu kila asubuhi, akazihesabu tena kabla ya chakula. Jambo jingine analojulikana nalo ni Kiswahili. Babu yake alitoka Tanga na marobota ya kanga, na mjukuu hachoki kuwakumbusha watu kwamba nyumbani kwao neno hutamkwa likanyooka.

Fundi mwenzake wa magari ni Evaristi, Mhangaza wa Kanazi kule Ngara. Walikuwa wamechafuka oili pamoja miaka kumi na minane, na Habibu bado alikuwa akimpekua kwa macho kila anapoaga jioni.

Basi Habibu alinunua Subaru iliyokufa injini, moja ya zile za mbio. Akaifungua nyumbani, sebuleni, juu ya meza ya chakula ya mkewe Fathiya, maana gereji kuna mikono mingi. Kwa miezi mitano familia ilikula mkekani huku pistoni zikilala mezani juu ya magazeti. Taratibu mambo yakarudi mahali pake: kranki, pistoni, hedi ya kulia na ya kushoto. Ikabaki tabo, ile konokono ya chuma inayoisukumia injini hewa. Bila tabo, Subaru ile ingekuwa gari la kwendea sokoni tu.

Ijumaa Evaristi aliaga kwenda Kirushya kupeleka mahari, kwa wazazi wa binti aitwaye Joyness. Jumamosi asubuhi Habibu akafunua gazeti la mwisho. Tabo haipo.

Hakumwuliza Fathiya, kwa sababu Fathiya naye alikuwa miongoni mwa washukiwa. Alimpigia Evaristi. Mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Tabo? Usiwe na wasiwasi, kaka. Nimeiweka mahari..."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haipatikani.

Nimeiweka mahari! Habibu aliketi chini. Kumbe ndiyo maana mtu aliaga akicheka. Kumbe chuma alichokisafisha kwa mswaki wake mwenyewe kimekwenda kumwolea mtu mke! Njia nzima hadi Ngara, na kwa bodaboda hadi Kirushya, alikuwa akiyakumbuka mambo ya miaka kumi na minane na kila moja likageuka ushahidi. Ile nyundo iliyopotea. Ile siku Evaristi alipokuja na begi kubwa.

Aliwakuta wazee wamekaa uani, migomba nyuma yao, mazungumzo yamefika patamu.

"Shikamooni, wazee. Samahani, lakini katika mahari mnayopokea kuna mali yangu iliyoibwa."

Watu waliduwaa. Baba yake Joyness, mzee Ndassa, akauliza kwa upole ni mali gani. Walicholetewa pale ni mtamba mmoja, majembe mawili na blanketi.

"Tabo. Mwenyewe kaniambia kwa simu kaiweka mahari."

Evaristi alisimama. "Kaka, ni kweri nirisema mahari. Mahari pazuri! Katika kasha rako ra nguo, chini ya ire kanzu ya Idi, vumbi risiingie. Mama Zuwena, mkeo, ndiye arinifunguria."

Bibi mmoja akaona amsaidie mgeni. "Mwanangu, huyu amesema mahari. Hakusema mahari."

Masikio ya Habibu hayakusikia tofauti yoyote, ila akili ilikwisha kuelewa. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Aibu ikamshuka mpaka miguuni. Asiyecheka alikuwa mzee Ndassa.

"Rafiki yake wa miaka kumi na minane anamwona mwizi," alisema. "Sisi tunaomjua kwa miezi mitatu, tumwoneje? Rudini nyumbani, nasi tutafikiri."

Evaristi alimtazama Habibu mara moja tu, kisha akaenda kumfungua mtamba wake.

Nyumbani, tabo ilikuwa chini ya kanzu, imefungwa katika kitambaa safi. "Ungeniuliza," Fathiya alisema.

Mahari ilipokelewa baada ya miezi miwili. Habibu hakualikwa harusini. Injini nayo iliwaka, ikanguruma mtaa mzima ukatoka nje, na aliyekaza boliti ya mwisho alikuwa Evaristi, maana kazi ni kazi. Siku hizi Habibu hazihesabu tena spana zake. Angelitoa gari lile na funguo zake ili lile neno "mahali" litamkwe vibaya mbele yake mara moja tu. Lakini akiuliza spana ya kumi na saba iko wapi, Evaristi hasemi. Anainuka, anaichukua, anamwekea mkononi.