Chingamu Masikioni, Njia ya Ishiara

Siku niliyopelekwa Ishiara kuonwa na mama mkwe, nilifika nikiwa kiziwi. Sikuzaliwa hivyo. Ilikuwa kazi ya pikipiki.

Mchumba wangu alikuwa amempa fundi mmoja karibu na soko la Gakoromone atoboe bomba la moshi, eti pikipiki ingurume kiume. Ikanguruma kweli. Ikiwashwa, kuku wa jirani wanaingia uvunguni mwa kitanda.

Shangazi yangu alinikalisha chini tukimenya ndizi. "Ukifika huko, sauti chini, macho chini. Yule mama alikataa msichana wa kwanza juu ya kucheka tu. Umeskia? Kucheka!" Nilisikia. Na kijana mwenyewe nilimtaka, jamani, nilimtaka mpaka nikakonda.

Tuliondoka Meru na baridi yake. Kufika Nkubu, kichwa kilikuwa kinavuma, meno yanacheza. Nikampiga mgongoni asimame. Yeye ni mtu wa kutafuna miraa, na mtu wa miraa hakosi chingamu mfukoni ya kupunguza uchungu wake. Akanipa mbili.

"Tafuna zilainike, uzibe masikio. Madereva wote hufanya hivyo."

Hakuna dereva aliyewahi kufanya hivyo. Lakini nilitafuna, nikaziba, na lo! Ule mngurumo ukawa kama kinu cha posho kilicho ng'ambo ya kilima. Nilifurahi nikaimba nyimbo za kanisani njia nzima, nikimshika kiuno zaidi ya ilivyohitajika.

Sisi watu wa juu milimani tuna ujinga mmoja: tukivaa sweta asubuhi, tunasahau kwamba huko chini ni jiko. Tulipopita Mitunguu joto likatupokea. Chingamu iliyokuwa imeganda ngumu kama kokoto ikaanza kulainika, ikatafuta njia yake. Nyingine ilishika nywele, nyingine ikaingia ndani zaidi. Nilijaribu kuichomoa, ikashika na vidole.

Tulipofika Ishiara, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cheupe kichwani. Midomo yake ikacheza. Nikainamisha macho, nikajibu kwa ile sauti ya chini niliyofundishwa. Angalau nilidhani ni ya chini.

"NZURI SANA, MAMA! BWANA ASIFIWE!"

Mbuzi waliokuwa wamelala kivulini walisimama wote. Mchumba wangu akanipungia mkono nishushe sauti. Mimi nikaona ananihimiza.

"ASANTE MAMA! NIMESHIBA KABISA!"

Hata maji nilikuwa sijapewa. Mama akafunga mdomo, akanitazama toka kichwani hadi viatuni, nami nikajua nimekwisha. Nikalia palepale uani, kwa sauti ambayo siijui, huku nikionyesha sikio.

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akagusa. Alipoondoa kidole, chingamu ikavutika, ikavutika, ikawa uzi mrefu kati yake na mimi. Aliutazama ule uzi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Yule mama aliyekataa mtu kwa kicheko alicheka mpaka akashikilia nguzo, nami sikusikia hata kidogo.

Aliingia jikoni akarudi na mafuta ya kupikia, vuguvugu, kwenye kijiko. Akaketi kwenye kigoda, akatandika leso mapajani, akaipigapiga. Sheria za shangazi hazikusema lolote kuhusu kulaza kichwa mapajani mwa mama mkwe siku ya kwanza. Nikalaza. Akatia mafuta, akangoja, akachokoa polepole kwa ncha ya kitambaa kama anayemsafisha mtoto mchanga. Ghafla sikio likafunguka, ulimwengu ukarudi: kuku, upepo, na sauti yake akimfokea mwanawe.

"Hiyo kitu isiwashwe tena hapa! Unataka wajukuu wangu wazaliwe viziwi?"

Wajukuu! Nikacheka. Nilicheka kile kicheko chote nilichokatazwa, kichwa kingali mapajani mwake, naye akanipiga kikofi begani.

"Tulia, mama. Bado la pili."